Gari Letu Kuukuu na Pampu Yake

Katika nchi yetu ya Shinyanga, na kwenda mbele mpaka Kahama na Geita, gari kuukuu si kitu cha kuchekwa. Ndilo lipelekalo pamba sokoni, ndilo limchukualo mgonjwa usiku wa manane, na mtu akifa mbali na kwao, ndilo liwachukualo wafiwa. Sisi walimu wawili wa shule moja tuna gari la namna hiyo, pikapu ya Kijapani iliyoundwa mwaka 1986, itumiayo petroli. Tulilinunua kwa kuchanga mishahara yetu, na rangi yake ya kwanza hakuna aijuaye. Leo twataka kuwasimulia habari ya pampu yake, jinsi ilivyokufa njiani na jinsi ilivyobadilishwa, kwa kuwa yamo mafundisho mawili. Moja ni la ufundi, nalo laweza kumfaa kila mwenye gari. La pili latuhusu sisi wenyewe, wala si la kujisifu.

Kwanza yafaa tueleze pampu ni kitu gani. Tangi la petroli li nyuma, chini ya gari. Injini i mbele, juu zaidi. Petroli haiwezi kupanda yenyewe, kama vile maji ya kisima yasivyoweza kupanda yenyewe mpaka mtungini. Lazima ivutwe. Katika magari ya siku hizi kazi hiyo hufanywa na pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi. Lakini katika magari mengi ya zamani yenye kabureta, pampu hufungwa ubavuni mwa injini kwa bolti mbili, wala haihitaji umeme. Wazee wetu wangaliitambua mara moja. Maana Warongo wa Uzinza, huko huko upande wa Geita, walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa mpaka Usukuma. Na mivukuto yao ilikuwa ya ngozi iliyofungwa juu ya chombo, ikiinuliwa na kushushwa. Pampu ya gari ni mvukuto mdogo. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, mfano wa ngozi ile. Ndani ya injini mna mhimili wenye nundu, nao ukizunguka, nundu husukuma mkono wa pampu; mkono huvuta kiwambo, na petroli huingia kwa kilango kimoja. Nundu ikiisha kupita, springi hurudisha kiwambo, na petroli hutoka kwa kilango cha pili kwenda kwenye kabureta. Kila kilango hufunguka upande mmoja tu, kwa hiyo petroli haiwezi kurudi ilikotoka.

Kiwambo hicho ndicho kitenganishacho petroli na oili ya injini. Kikizeeka na kutoboka, mambo mawili hutokea pamoja: petroli haifiki yote kwenye kabureta, na ile isiyofika huvuja, pengine nje ya pampu, pengine ndani ya injini, ikachanganyika na oili. Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Kwa muda wa majuma matatu gari letu lilikuwa likituambia habari zake. Asubuhi tulisikia harufu ya petroli hata kabla ya kufungua boneti. Kwenye vilima injini ilikatakata kama mtu mwenye kwikwi. Na jambo la tatu ndilo litutialo haya kuliko yote. Kila Jumamosi tulipima oili kwa kijiti chake, na kila Jumamosi tuliikuta imepita alama ya juu. Tukafurahi. Tukaambiana, "Tazama, gari kuukuu hivi, walakini halili oili hata kidogo!" Hatukujiuliza hata mara moja oili yawezaje kuongezeka pasipo mtu kuitia. Mtoto wa darasa la nne angaliuliza. Sisi tunaofundisha hesabu na sayansi hatukuuliza, maana jibu lingetugharimu fedha.

Basi ikatujia habari ya msiba. Jirani yetu, mama mmoja mjane, alikuwa na mwana wa pekee aliyekwenda upande wa Geita kutafuta dhahabu. Nchi hii imewaita vijana tangu zamani. Williamson aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na watu wakaikimbilia kazi huko. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Lakini vijana wengi hawamo katika migodi hiyo mikubwa. Wamo katika mashimo ya wachimbaji wadogo, ambayo wenyewe huyaita maduara. Kijana huyo alikuwa katika duara, udongo ukaporomoka, akafa. Wenzake wakapiga simu usiku, wakasema kwamba maziko yatakuwa kesho yake, saa tisa alasiri.

Tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Yule mama alikaa mbele pamoja nasi. Nyuma walikaa jamaa tisa, na mifuko miwili ya unga, na sufuria kubwa za kupikia. Tukapita Tinde, tukapita Isaka, tukapita Kahama, jua likiwa limekwisha kupanda. Tulipoiacha Kahama na kushika njia ya kaskazini, injini ikaanza kwikwi yake, kisha ikanyamaza. Ilikuwa saa tatu.

Dereva mmoja wa lori akasimama kutusaidia. Akafungua mpira wa kabureta, akatwambia tuzungushe stata. Haikutoka petroli ila matone. Akasema, "Pampu imekufa. Wekeni kidumu juu ya paa, petroli ishuke yenyewe kwa mpira, mtafika." Tukafanya hivyo. Tulivuta petroli kwa kinywa ili ishuke, nyingine tukaimeza, na ladha yake tuliisikia siku mbili. Injini ikawaka. Kijana mmoja akashika kidumu juu ya paa kwa mikono yake, nasi tukaenda kilometa sita namna hiyo, huku petroli ikidondoka juu ya kioo na juu ya boneti yenye moto. Tulijiona werevu sana.

Hata tulipofika kwenye kituo kidogo cha wachimbaji, tukaona gereji kando ya njia, chini ya mti. Tukasimama kutafuta mpira mrefu zaidi. Akatoka kijana mwenye nguo za oili, akatutazama, akasema, "Shikamooni, walimu." Tukaitika, "Marahaba," kisha tukamtambua. Alikuwa mwanafunzi wetu, aliyeacha shule akiwa darasa la sita akafuata dhahabu. Sisi ndio tulioandika katika karatasi yake ya maendeleo maneno haya: "Hana juhudi." Yeye hakulitaja jambo hilo siku ile, wala hakulitaja baadaye.

Alitazama kidumu, akatazama watu waliojaa nyuma, akasema, "Kwanza watu wote washuke." Tukamwambia kwamba tunakwenda mazikoni, na tunachotaka ni mpira tu. Hakujibu, maana wakati ule ule mzee mmoja aliyekuwa nyuma alikuwa amekwisha kusokota tumbaku yake, na kiberiti ki mkononi. Kijana akaruka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kwa adabu, akasema, "Babu, samahani, nipe mimi kiberiti hicho." Mzee akampa. Kiisha akatugeukia sisi, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mlitufundisha kwamba maji yakiachwa katika sinia hukauka, yakawa mvuke usioonekana. Mlisema kila kimiminiko hufanya hivyo. Petroli nayo hufanya hivyo, tena upesi kuliko maji. Mvuke wake umelizunguka gari hili lote. Mimi sitawapa mpira."

Wasomaji, twakiri kwamba tulikasirika. Tulimwambia maneno ya ukali, kwamba sisi ni wakubwa wake, kwamba mama wa marehemu anangojwa, na kwamba tumekwisha kwenda kilometa sita pasipo kudhurika. Tukataka kumlazimisha kwa heshima ya ualimu wetu. Yeye alisimama tu, kiberiti mfukoni.

Ndipo yule mama, aliyekuwa hajanena neno tangu Tinde, akasema, "Wanangu, mwanangu amekufa kwa haraka. Walinieleza katika simu. Miti ya kuegemeza shimo ilikuwa haijatiwa. Walisema wataitia kesho, leo wamalize mfuko mmoja tu. Mwacheni fundi afanye kazi yake."

Hatukuwa na la kusema. Tukampigia simu mkubwa wa msiba, tukamweleza. Akajibu kwamba watamngoja mama hata jua likichwa. Zikapita gari mbili za abiria, zimejaa; na kijana mmoja akajitolea kumpeleka mama kwa pikipiki, lakini nyonga yake ni mbovu, tena alikataa kutengana na jamaa zake. Basi tukakaa.

Sasa tutaeleza jinsi fundi alivyoifanya kazi, maana tulisimama karibu naye kama wanafunzi. Kwanza aliondoa kidumu, akakiweka mbali. Akaliacha gari lipoe. Akafungua kifuniko cha tangi ili pumzi itoke, akasikiliza; akatwambia kwamba kuna magari ambayo pampu zake ni nzima, ila tundu la pumzi katika kifuniko limezibwa na vumbi, na petroli haivutiki. Akatazama chujio la petroli, akalikuta safi. Akaipapasa mipira yote toka tangini mpaka mbele, kwa kuwa mpira uliopasuka huvuta hewa badala ya petroli. Akatoa waya wa koili ili injini isiwake, akaelekeza mpira wa pampu katika chupa safi, akazungusha stata. Pampu nzima hutoa petroli kwa kuruka, pigo kwa pigo. Yetu ilitoa matone matatu. Hapo ndipo aliposema, "Ni pampu." Yule dereva wa lori alikuwa amesema vivyo hivyo, na alisema kweli, lakini yeye alikisia, na huyu alihakikisha.

Kisha akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akatupa sisi tukinuse. Kilinuka petroli. Akauliza, "Oili hii imeongezeka tangu lini?" Tukamjibu, "Majuma matatu." Hakutulaumu. Alieleza tu kwamba oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi kama maji, haiwezi tena kuvilinda vyuma visisagane, na mvuke wake waweza kuwaka ndani ya injini. Kwa hiyo kubadili pampu peke yake hakutoshi, sharti na oili imwagwe. Tulipotaka kusema kwamba oili ingoje mpaka baada ya maziko, tulimwona yule mama akitutazama, tukanyamaza.

Duka la vipuri la pale kituoni lilikuwa na pampu moja mpya iliyofanana na yetu. Tulishangilia. Fundi aliishika pampu hiyo mkono mmoja, na ile ya zamani mkono wa pili, akazilinganisha. Matundu ya bolti yalilingana, mipira ililingana, lakini mkono wa ile mpya ulikuwa mrefu kwa kadiri ya unene wa kidole. Akasema, "Hii itafungika, na itafanya kazi leo. Kesho nundu itauvunja mkono wake, na vipande vitaanguka ndani ya injini." Akairudisha dukani. Akamtuma mwenye pikipiki mpaka Kahama, akimpa ile pampu ya zamani aishike mkononi awe nayo ya kulinganisha, maana maneno ya simu hayatoshi kununulia kipuri.

Wakati wa kungoja hakukaa bure. Alikuwa amekwisha kuondoa waya wa betri. Mpira utokao tangini aliuziba kwa bolti, ili petroli isimwagike chini. Alitia kitambaa safi katika tundu la injini, kisha akakwangua gasketi ya zamani pole pole, pasipo kuichuna bati ya injini, na kitambaa kile kilizuia uchafu usiingie ndani. Akamwaga oili, ilitoka kama chai, nyembamba na nyeusi, yenye harufu. Tuliitazama ikishuka katika karai, tukakumbuka furaha yetu ya kila Jumamosi. Akatia chujio jipya na oili mpya, akapima mara mbili.

Mwenye pikipiki alirudi saa saba. Fundi akalinganisha tena, akaridhika. Akapaka oili mkono wa pampu, akatia gasketi mpya. Akaizungusha injini kidogo kwa spana, mpaka ile nundu ikageukia upande wa pili, ili mkono wa pampu ukae pasipo kusukumwa. Maana mtu akifunga pampu nundu ikiwa imeelekea kwake, atashindana na springi, na bolti zitakaa upande. Akakaza bolti mbili kidogo kidogo, huku na huku. Akafunga mipira mitatu, wa kuingiza, wa kutoa na wa kurudisha, kila mmoja mahali pake, kwa kuwa aliitia alama kabla ya kuifungua. Akarudisha waya wa koili na wa betri. Tukazungusha stata, mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu injini ikawaka. Sisi tukakimbilia kupanda. Yeye akatuzuia tena. Akainama na tochi, akatazama kila kiungo kwa dakika tano injini ikinguruma, kama kuna tone. Hapakuwa na tone.

Tulimlipa fedha ya pampu, ya oili, ya pikipiki na ya kazi yake. Hakutupunguzia kwa kuwa tulikuwa walimu wake, wala hakutuzidishia kwa kuwa tulikuwa na shida. Alituandikia hesabu yote kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri kuliko tulioukumbuka. Tulitaka kumwomba radhi kwa ajili ya maneno ya asubuhi, na kwa ajili ya yale mengine ya zamani. Tulisema yale ya asubuhi. Yale ya zamani yalitushinda. Yeye akajibu, "Hapana neno, walimu. Nendeni pole pole." Akamrudishia mzee kiberiti chake.

Tukaondoka saa nane, tukafika saa kumi na moja jioni. Watu walikuwa wamekaa kando ya kaburi, wanangoja. Mama akaongozwa, akamtazama mwanawe, kisha akatia udongo kwa mkono wake mwenyewe. Jua lilikuwa linakuchwa sala zilipokwisha. Wenzake wa duara walisimama nyuma ya watu wengine, vijana watupu, nguo zao zina udongo mwekundu. Mmoja wao alikuwa akilia kwa sauti, na watu walisema kwamba ndiye aliyesema kwamba miti itatiwa kesho.

Usiku ule tulilala chini ya gari letu, na usingizi haukuja upesi. Tuliyahesabu mambo. Majuma matatu tuliiambia pampu yetu "kesho". Kilometa sita tuliweka watu kumi na mmoja chini ya kidumu cha petroli, na sababu yetu ilikuwa njema, yaani kumpeleka mama kumzika mwanawe. Yule kijana wa duara naye, labda sababu yake ilikuwa njema. Labda alikuwa na ada ya mtoto au deni la dawa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliongeza kwamba wako wengine ambao ukuta wao hauwezi kujengwa tena.

Basi, ndugu mlio na magari makuukuu, twawasihi mambo machache. Oili ikipungua, tafuteni inakokwenda. Lakini ikiongezeka, tafuteni upesi zaidi inakotoka. Harufu ya petroli asubuhi msiizoee. Kipuri kipya kilinganisheni na cha zamani kwa macho na kwa kidole, si kwa jina lake. Msivute petroli kwa kinywa. Na fundi akisema kwamba watu washuke, washuke.

Pampu ile ya zamani tulirudi nayo shuleni. Tuliipasua, nayo i juu ya meza ya darasa la saba, kiwambo chake kikionekana wazi, na ule ufa wake, ambao si mrefu kuliko ukucha. Watoto huuliza jinsi ufa mdogo hivyo ulivyoweza kusimamisha gari zima. Huwa tunawaeleza. Na mwisho wa mwaka, tunapoketi kuandika karatasi za maendeleo, pampu hiyo huwa mbele yetu juu ya meza ile ile, na lile neno "hana juhudi" sasa huchelewa sana kutoka katika kalamu zetu.